Somo: Kuondoa Vitabu Vilivyopitwa na Wakati Katika Maktaba ya Chuo Kikuu

Somo hili linawahusu wakutubi na wasaidizi wao katika vyuo vikuu vya umma vya Mombasa na Pwani kwa jumla, ambao rafu zao zimejaa hata vitabu vipya vinalazwa juu ya vya zamani. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuandika. Kitabu kilichotoka rafuni bila kutoka katika katalogi hakina tofauti na kilichoibwa, kwani msomaji atakitafuta na mkaguzi wa hesabu atakiulizia.

Hatua ya kwanza ni kupata sera iliyopitishwa na kamati ya maktaba, inayosema nani anapendekeza, nani anaidhinisha, na vitabu vipi havitaguswa kabisa. Katika fungu hilo la mwisho ziwekwe tasnifu za chuo, maandishi yanayohusu Pwani, tenzi na miswada ya hati za Kiarabu, pamoja na machapisho ya serikali ya kabla ya uhuru. Hata kama havijaazimwa tangu vilipoingia, visipimwe kwa kipimo cha vingine, maana huenda nakala nyingine haipo.

Hatua ya pili ni ripoti ya matumizi. Maktaba inayotumia Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea katalogi na uazimaji, inaweza kutoa orodha ya vitabu ambavyo havijaazimwa kwa miaka mitano au zaidi, lakini orodha hiyo isiaminiwe peke yake. Wanafunzi wetu wengi husoma papo hapo au hupiga kopi sura moja tu, kisha wakakiacha kitabu mezani. Ripoti itasema hakijaguswa, ilhali kingo za kurasa za sura hiyo zimeingia weusi wa vidole. Kwa hiyo, kwa muhula mzima, vitabu vinavyookotwa mezani vipitishwe kwenye skana kabla ya kurudishwa rafuni, ili viandikwe kuwa vimetumika ndani. Isitoshe, kutoazimwa si jambo geni. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, ulionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuwa vimeazimwa hata mara moja kufikia 1975.

Hatua ya tatu ni kukishika kitabu chenyewe, na hapa pasifanywe haraka. Januari na Februari ndiyo miezi inayofaa, kwani mvua zimekatika. Masanduku yaliyopangwa sakafuni wakati wa masika hufyonza unyevu, na kitabu kimoja chenye ukungu huambukiza vingine. Vaa glavu na barakoa, ukifungue kitabu katikati, utazame kwenye mshono karibu na uti. Madoa ya kijani au kijivu yanayopukutika kama unga ni ukungu, na vijia vya udongo ni mchwa. Kitabu cha namna hiyo kiwekwe mbali na vingine siku hiyo hiyo.

Kisha utazame yaliyomo, na kila taaluma ina umri wake. Kitabu cha tiba kinachoitaja klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria ya kwetu ni hatari kukiacha mikononi mwa mwanafunzi wa uuguzi, kwa kuwa Kenya iliiacha dawa hiyo mwaka 1998, na mwaka 2004 ikaamua kutumia dawa mseto zenye artemisinini. Vitabu vya sheria vilivyotangulia Katiba ya 2010 au Sheria ya Makampuni ya 2015 vitolewe katika rafu za kozi, ila ibakizwe nakala moja kwa ajili ya historia. Kitabu cha hisabati cha mwaka 1975, kwa upande mwingine, huenda kikawa kizima kabisa. Ndiyo sababu sipendi kanuni za mkato za kuhesabu miaka. Mwongozo wa CREW wa kuondoa vitabu maktabani, uliochapishwa Texas, Marekani, mwaka 1976, ni mzuri, lakini ulikusudiwa maktaba ndogo na za wastani za umma na haufai kuchukuliwa mzima mzima.

Hatua ya nne ni kuipeleka orodha idarani. Wahadhiri wapewe wiki nne, na vitabu vyenyewe vipangwe mahali wanapoweza kuvipekua, kwani mtu huidhinisha orodha bila kuisoma lakini akikiona kitabu hukikumbuka.

Hatua ya tano ni kumbukumbu: badilisha hali ya kitabu katika katalogi, andika tarehe na sababu mbele ya nambari yake katika daftari la kuandikisha vitabu, na upige muhuri wa kuondolewa juu ya kila muhuri wa chuo. Baada ya hapo, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inataka kamati ya uondoaji impelekee makamu wa chansela mapendekezo, iwe ni kuvihamishia taasisi nyingine ya umma, kuviuza kwa zabuni au mnada, au kuviangamiza.

Maswali ya wakutubi

Swali: Je, sisi wafanyakazi tunaweza kujichukulia vilivyoondolewa, badala ya kuviacha vioze?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kifungu cha 166 cha sheria hiyo kinakataza mali ya taasisi kuuziwa au kupewa mfanyakazi wake, isipokuwa pale sheria yenyewe au kanuni zake zinaporuhusu waziwazi.

Swali: Majarida yetu yaliyojalidiwa yanapatikana pia kwenye intaneti. Tuyaondoe yote?

Jibu: Someni kwanza mkataba. Ikiwa haki ya kusoma inakwisha pale malipo ya mwaka yanapokwisha, mtajikuta hamna karatasi wala intaneti.

Swali: Tuna misahafu na vitabu vya dini vilivyochanika. Je, navyo viende kwa wanunuzi wa karatasi chakavu?

Jibu: Visiende. Karatasi hizo huishia kufungiwa njugu na viazi vya karai, na ukurasa wenye aya ukionekana kwa muuzaji, lawama zitarudi chuoni, na kwa haki. Vitengeni tangu hatua ya tatu, mviandikie orodha yake, kisha mumwombe imamu wa msikiti wa chuo awaongoze namna ya kuvizika au kuvichoma kwa heshima, naye atie sahihi kuwa ameshuhudia. Vitabu vya dini nyingine navyo viulizwe kwa wenyewe.