Kabla ya kutoa dola zako juu ya ka-Vitz

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hii naandika juu nimechoka kujibu swali moja kwenye simu. "Yaya, nimepata ka-IST, bei iko muzuri, nichukue ama niache?" Halafu picha inaingia, gari limeoshwa linang'aa, pembeni kidole cha komisionere (dalali) kinaonyesha rimu. Sasa rimu itaniambia nini mimi?

Swali langu la kwanza haliko juu ya bei wala rangi. Namuulizaka mtu hivi: mekanisie wa mtaani kwako, yule anayefanyia kazi chini ya mwembe, gari la namna hiyo amekwisha kulifungua? Kama ndiyo, tunaendelea kuongea. Kama jibu ni "hapana, lakini ni zuri sana, linatoka Japani", mi naacha hapohapo, juu gari la okazyo (lililokwisha kutumika) hulinunui siku moja, unaendelea kulinunua kila mwezi kwa pyesi (vipuri), na pyesi kama haiko hapa mjini utaingoja itoke Dar ama Dubai huku gari limelala juu ya mawe uani na watoto wa jirani wanacheza udereva ndani yake.

Njo maana kila kona unaona Toyota ndogo zilezile, Vitz, IST, Ractis. Watu wanasema Walushois, sisi watu wa Lubumbashi, hatuna ubunifu, waache waseme. IST ya kwanza, ile ya 2002 mpaka 2007, iko na moteri ya lita 1.3 ama ya 1.5, na hiyo ya 1.5, wanayoiita 1NZ, ni ileile utaikuta kwenye Vitz na Ractis nyingine, kwa hiyo siku ikiharibika pyesi inapatikana, mpya ama ya kung'olewa kwenye gari lililokufa. Inatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo hakuna ile hofu ya mkanda kukatika na valvu kugongana na pistoni. Na otomatiki yake ni ya kawaida, ya vitesi (gia) 4. Kwenye otomatiki nitarudi, juu njo pale mi mwenyewe niliungua.

Kwanza volan, yaani usukani. Gari la Japani volan iko kulia na sisi Congo tunaendesha upande wa kulia, maana yake dereva anakaa upande wa mtaro. Mjini unazoea kwa wiki moja. Lakini kama kazi yako inakupeleka Likasi ama Kasumbalesa kila mara, fikiri vizuri, juu ukiwa nyuma ya lori la shaba na unataka kulipita, huoni mbele mpaka gari zima limetoka nje ya mstari, unabaki kumuuliza aliyekaa kushoto "naweza?" na kama huyo aliyekaa kushoto amesinzia, basi mungoje. Ukiwa peke yako kwenye peaji, pale wanapolipisha barabara, unajinyoosha mpaka dirisha la pili kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Na abiria wa kushoto anashukia katikati ya barabara, kwa hiyo wenye watoto, mlango ule wa nyuma ufungwe kwa kile kifungo cha watoto, si mzaha.

Masharti ya serikali juu ya umri wa gari na volan ya kulia pia yapo, kwa hiyo kama gari bado liko ng'ambo na wewe unaliona tu kwenye simu, ongea na deklara (wakala wa forodha) kabla ya kutuma hata dola moja, akuandikie hesabu yote ya duane (forodha). Bei unayoiona kwenye mtandao ni ya gari lililosimama Japani. Bado meli mpaka Dar es Salaam, bado karibu kilomita 2,000 za barabara kupita Tunduma na Zambia yote mpaka Kasumbalesa, na yule dereva wa tranziti si mjomba wako, hatakwepa mashimo juu ya mapenzi. Likifika, angalia kwanza kama gurudumu la akiba na jeki vimefika nalo.

Hesabu yangu mi ni rahisi. Ukiwa na dola 5,000, tafuta gari la 4,000. Ile elfu inabaki si ya nyama choma, ni ya karatasi, pine (tairi), batri na zile amortisere (shokabu) ambazo muuzaji amekuapia kwamba ni mpya. Mtu anayemaliza pesa yote siku ya kununua, mwezi wa pili anaegesha gari na kurudi kwenye taksi, na esansi (petroli) yenyewe hajaweka.

Sasa siku ya kuangalia. Enda asubuhi, saa kumi na mbili na nusu kama unaweza, na usiseme saa ngapi unafika. Kabla ya salamu ndefu, weka mkono juu ya kapo (boneti). Ikiwa na joto, mtu ameliamsha kabla yako, na mtu haamshi gari mapema bila sababu. Rudi kesho. Gari likiwa baridi, njo linasema ukweli. Fungua kifuniko cha radiatere (kikiwa baridi tu, tafadhali, kikiwa moto kitakuchoma uso), maji yawe safi, yasiwe na mafuta yanaelea. Fungua kifuniko cha mafuta ya moteri, ukikuta utando mweupe kama mayonezi, maji yanaingia yasipotakiwa, funga tu taratibu na useme asante.

Kisha washa ufunguo bila kuamsha moteri, angalia mataa kwenye tablo (dashibodi). Ile taa ya moteri lazima iwake, na ukiamsha moteri izime. Wengi wanafurahi kuona haiwaki kabisa. Ndugu yangu, kama haiwaki kabisa, mtu ameing'oa ama ameifunika, juu ingebaki imewaka muda wote. Vilevile taa ya ebag, ile mifuko ya hewa ya ajali.

Liamshe, mwenzako asimame nyuma. Moshi wa buluu, moteri inakula mafuta. Moshi mweupe wa asubuhi ya mwezi wa sita, pale baridi inatupiga wote, si kitu, unaisha, lakini ukiendelea ata moteri imepata moto, ni maji. Moshi mweusi ni esansi inaingia nyingi, huo mara nyingi una dawa.

Kilometraji, hapo tuongee kidogo. Zile namba za dijitali zinarudishwa nyuma kwa kompyuta kwa muda wa kunywa chai. Mwaka mmoja nilikwenda na mekanisie wetu wa Katuba, mtu mzima, haongei sana, kuangalia ka-Vitz kamoja. Tablo inasema 87,000. Komisionere anaimba: "Mama, ba Japon banaendeshaka polepole, hii motoka ni mupya kabisa." Yule mzee wetu akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akaanza kusugua kwa kidole pale kwenye nguzo ya mlango, chini ya vumbi jekundu. Kukatokea ka-karatasi kadogo ka njano, maandishi ya Kijapani, na kwa kalamu: 26.5.12, na chini yake 112,400.

Komisionere akawahi: "Ile njo tarehe ya zamani, mwezi wa tano 2012." Mzee akasema tu, "Madamu, hii 26 si siku. Hii njo mwaka."

Na ni kweli. Wajapani wanaandika mwaka kwanza, na mara nyingi wanatumia mwaka wa utawala wa mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo unachukua ile namba unajumlisha 1988: Heisei 26 ni 2014. Karatasi ile ilikuwa ya kubadilisha mafuta, tarehe 12 mwezi wa tano 2014, gari likiwa limekwisha kutembea 112,400. Na leo tablo inasema 87,000, yaani limetembea kinyumenyume. Tukacheka wote, ata komisionere, halafu tukaenda zetu. Kwa hiyo tafuteni hizo karatasi, kwenye nguzo ya mlango ama chini ya kapo, wauzaji wengi hawajui kuzisoma na wanaziacha. Kama zimebanduliwa zote, angalia kanyagio la freni na volan, mpira ukiwa umelainika kama sabuni, hiyo si 60,000.

Pine nazo zinasema umri wake: namba nne pembeni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pine ya zamani ata ikiwa na meno yote imekauka, juani kwetu inapasuka. Rotili na silamblo, vile viungo na mipira ya chini kwenye magurudumu, mwachie mekanisie, alipandishe gari. Chini ya zulia ingiza mkono kama kuna unyevu.

Bwate (giaboksi) sasa. Gari langu la kwanza, marke sitaji, ilikuwa otomatiki ya CVT. CVT haina vitesi kama tulivyozoea, ina mkanda wa chuma unazunguka kati ya puli mbili, na ule mkanda unataka mafuta yake maalumu, si mengine. Mi sikujua. Mtu mmoja wa garaji akaniwekea mafuta ya otomatiki ya kawaida, akaniambia "yote ni mamoja", nikalipa na ata kumshukuru. Wiki tatu baadaye niko barabara ya Kasapa, nakanyaga, moteri inalia kama ndege inataka kuruka, na gari linatembea kama mtu anayekwenda kuomba deni. Bwate ilikuwa imekwisha. Nyingine ya okazyo ilinigharimu zaidi ya mshahara wangu wa miezi minne, na uchungu ule mpaka leo nikisikia "yote ni mamoja" naondoka.

Kwa hiyo muulize muuzaji: hii ni CVT? Honda Fit nyingi za kwanza ziko nayo, Ractis pia utazikuta. Si mbaya, inakula esansi kidogo na ni laini, ila lazima uliendeshe nusu saa nzima, mpaka lipate moto. Likiwa baridi CVT mbovu inajificha. Likipata moto, liache litembee polepole, kama kwenye foleni ya kuingia mjini, ukisikia linatetemeka kama lina homa ama linavuma kama nyuki, acha. Weka nyuma, weka mbele, likichelewa kushika kila mara, acha. Muuzaji akikataa nusu saa, anasema mzunguko mmoja wa parkingi unatosha, basi amekwisha kukujibu. Ile Fit ya 1.3 ya kwanza, jua pia kwamba nyingi zina buji (plagi) 8 badala ya 4, mbili kwa kila silinda, nne za nyuma zimejificha na mafundi wengi wanabadilishaka zile za mbele tu.

Karatasi. Namba ya shasi kwenye gari, soma mwenyewe kwa macho yako, herufi kwa herufi, ilingane na ile iliyo kwenye karte roze (kadi ya gari) na karatasi za duane. Jina kwenye karte roze liwe la mtu aliyesimama mbele yako, ama awe na prokirasyo (hati ya kumwakilisha mwenye gari) ya kweli. "Karatasi zinakuja wiki ijayo, Mama" maana yake pesa nayo inakuja wiki ijayo. Lipa baada ya akti ya kuuza kusainiwa, mashahidi wawepo, na chukua dola safi, juu unajua vile tulivyo, noti ikiwa na ka-mpasuko kadogo kama ukucha mtu ataikataa na siku yote inaharibika.

Ukishanunua, wiki ya kwanza badilisha mafuta yote na filta, usiamini la mtu. Na fari zirekebishwe au zibadilishwe: taa za Japani zimetengenezwa kumulika zaidi upande wa kushoto, huko ndiko kwenye ukingo wa barabara yao, lakini kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzio, unampofusha kila usiku na wewe unashangaa kwa nini anakutukana.

Redio pia. Redio za Japani nyingi zinaishia 90 kwenye FM, kwa hiyo Redio Okapi utaitafuta mpaka uchoke na kusema gari lina pano (limeharibika). Halina. Kuna ka-mashini kadogo kanafungwa kwenye waya wa antena kanashusha masafa, fundi wa redio anakajua, nusu saa kazi imeisha. Hapo tu namba utakayoona kwenye redio haitafanana na ile wanayoitaja watangazaji, zoea.