Kabla ya mkasi, sema "sijui"

Kama nawe ni mwepesi wa kusema "najua", anza na chaki. Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, mwaka wa 19 huu, chaki haikosekani mezani. Kila neno hilo liliponitoka nilichora mstari pembeni mwa meza ya kukatia. Siku ya kwanza, adhuhuri inaadhiniwa, mistari imeshafika 11. Nilipoipitia mmoja mmoja, minne tu ndiyo niliyokuwa najua kweli. Mingine nilikuwa nabahatisha, na miwili nilimjibu mteja hata hajamaliza kuuliza. Fanya hivyo wiki nzima, na usimwambie mtu.

Kilichonifikisha kwenye chaki ni mahameli. Mteja aliniletea mita 5 za zambarau alizonunua Kariakoo, za gauni la mama wa bibi harusi. Akaniuliza, "Dada, hii umeshawahi kuishona?" Naijua, nikamjibu. Ili nibane kitambaa, kipande kimoja nikakigeuza juu chini. Gauni likatundikwa: upande wa kulia zambarau imekolea, wa kushoto unang'aa kama kitambaa kingine. Nikailaumu taa. Nikabadilisha balbu, wallahi, gauni likabaki vilevile.

Usiku ule ndipo niliposema Rabbi zidnii ilma, Mola wangu nizidishie elimu, nikiwa na shida nayo. Dua hiyo ya Suratu Taha, aya ya 114, tumeiimba tangu madrasa kwa sauti moja, na aliyeamrishwa kuisema ni Mtume mwenyewe (s.a.w.). Ukiomba, taja kitu chenyewe. "Nipe hekima" ni rahisi mno, haikuaibishi. Sema: Mola wangu, sijui kwa nini kitambaa hiki kina rangi mbili, na nimemdanganya mwenyewe nacho. Hilo la pili ulimi wangu ulikuwa mzito kulitamka.

Kisha amka ukaulize. Wengi tunaomba halafu tunakaa kungojea ndoto. Wapo wanaokimbilia sala ya istikhara, nayo ni ya kuchagua katika mambo ya halali, si ya kufundishwa kukata mahameli. Suratu Nahl, aya ya 43, inatuambia tuwaulize wenye kujua ikiwa hatujui.

Na anayejua huenda ni yule unayempita kila siku. Nabii Musa (a.s.) aliulizwa nani mjuzi kuliko watu wote, akasema ni yeye. Mwenyezi Mungu akamwelekeza kwa mja wake penye makutano ya bahari mbili, safari ya kuchosha, na samaki kwenye kikapu. Makutano yangu mimi yalikuwa baraza ya nyumba ya tatu, kwa mzee mshona kanzu. Cherehani yake ya miguu nilikuwa naicheka.

Ukienda, shika kitambaa mkononi, maelezo yaache nyumbani. "Shikamoo, babu. Hiki sikijui, nifundishe."

"Marahaba, mwanangu." Akaniambia nipitishe kiganja kushuka, kisha kupanda. Kushuka kikalala laini, kupanda kikagoma. "Mahameli ina malaika, vinyweleo hivi laini. Vipande vyote, malaika yaangalie upande mmoja." Nilitaka kudakia "ah, najua", nikajiuma ulimi. (Musa naye, mbele ya mja yule, alishindwa kunyamaza mara tatu, kwa hiyo ukiteleza mara moja usijichukie.)

Baada ya hapo rudi kwa uliyemkosea. Nilimlipa mita zote 5, nikamwambia ukweli kwamba ile ndiyo mahameli yangu ya kwanza. Alinuna. Ana haki.

Juzi binti ninayemfundisha kazi aliniletea kitambaa chepesi, kinateleza kama samaki, sijapata kukiona. "Anti, hiki tunakikata vipi?" Nikavua futi shingoni, nikakikunja vizuri, nikamwambia avae kandambili twende barazani kwa babu.