Tiketi ya Angkor ikatwe jioni

Mkienda Siem Reap, Kamboja, na marafiki, tiketi ya Angkor, eneo la mahekalu ya kale, msiikate asubuhi. Fikeni kaunta saa 11 jioni, siku moja kabla: tiketi ya kesho yake (dola 37 kwa siku moja) inawaruhusu kuingia jioni hiyohiyo kutazama machweo, na siku yenu haiguswi. Alfajiri mnapitiliza hadi getini bila foleni. Nendeni wote, maana kila tiketi ina picha ya mwenyewe. Tuktuk iwasubiri nje. Kaunta iko mbali na mahekalu. Phnom Bakheng, hekalu la kilimani maarufu kwa machweo, hupokea watu 300 tu kwa wakati mmoja, hivyo mimi ningekwenda hekalu la Pre Rup. Desemba jua huzama mapema, mtakimbizana nalo. Msimu wa mvua, mawingu huweza kulifunika kabisa.