Kabla hujashusha kondoo bomani

Masika yakikaribia, kila mwenye akiba kidogo Arusha mjini anataka kondoo wake Monduli au Longido. Sawa, ila kabla hujaenda mnadani, weka haya sawa kwanza.

Mbegu: mwekundu wa Kimaasai, au chotara wake na Dorper, kondoo wa nyama kutoka Afrika Kusini. Dorper mtupu ana mwili, lakini minyoo humwangusha upesi. Kabla hujalipa, funua ukope wa chini. Ukiwa mweupe, damu imeliwa, mwache. Maji: umbali wake upime kwa miguu, si kwa bodaboda. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo: muulize ofisa mifugo wa kata mapema. Dume: wazee humfunga ngozi tumboni asipande ovyo. Mimba ni miezi mitano, kwa hiyo ukimfungua Oktoba, watoto wanakuta majani ya Machi.

Sasa mbwa. Hapo ndipo watu wanapolia.

Jirani yetu mmoja alikuwa na kundi zuri. Kila akichinja, kichwa anawatupia mbwa. Miezi ikapita, jike moja likaanza kuzunguka upande mmoja tu, kichwa kimelala begani, linagonga miba ya boma kama halioni. Akachoma sindano, wapi! Likafuata la pili, la tatu. Wengine wakasema karogwa. Mtaalamu wa mifugo alipopasua fuvu, ubongoni mlikuwa na kifuko cha maji, kikubwa kama yai la kuku, ndani kimejaa vitone vyeupe. Wamaasai ugonjwa huo wanauita ormilo. Kila kitone ni kichwa cha tegu, mnyoo bapa mrefu wa tumboni. Mbwa akila ubongo ule, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi hadi kwenye majani, kondoo anakula, mzunguko unaanza upya. Na wakati tunaelezwa hayo yote, mbwa walikuwa wamekaa pembeni wanasubiri fuvu.

Kwa hiyo kichwa usichokula kichome, au kifukie shimo refu wasipofukua. Mbwa wape dawa ya tegu kila miezi mitatu, na kinyesi cha siku zile kifukiwe pia. Ongea na majirani wafanye hivyohivyo, maana malisho ni mamoja.

Halafu zizi liwe na miba ya kutosha, fisi hasubiri ujipange. Mchungaji mlipe kwa wakati. Na kondoo wa bei ya kutupa, jioni mnada unapofungwa, muulize mwenyewe kwa nini hakununuliwa tangu asubuhi.