Helmeti au maski? Hesabu oksijeni kwanza ndo uchague

Wadau wa wodini, hasa mlioko huku kwetu Mbeya, Iringa, Njombe na Makete, naandika hii kwa ajili ya nesi na daktari aliyepo zamu ya usiku na mgonjwa wake anahema mara 40 kwa dakika, oksijeni ya kawaida haitoshi tena, na anataka kumpa hewa ya presha bila kumuwekea mpira kooni. Swali linalokuja kila mara ni je, nimvalishe maski ile inayobana pua na mdomo au ile helmeti, lile kofia kubwa la plastiki angavu linalofunika kichwa chote na kufungwa shingoni. Watu wengi wanaanza kubishana ipi nzuri, mi naomba uanze na mtungi wa oksijeni.

Sababu ni hii. Helmeti ndani yake kuna nafasi kubwa, lita 10 na zaidi, sasa mgonjwa akitoa pumzi ile hewa ukaa inabaki humohumo kama hakuna upepo wa kuisukuma nje, anairudia kuivuta. Ndo maana helmeti ya CPAP (presha moja isiyobadilika inayopulizwa muda wote) inataka flo, yani kasi ya hewa inayoingia, ya lita 60 kwa dakika, ukishuka chini ya 40 unamrudishia mgonjwa pumzi yake mwenyewe hata kama saturesheni (kiwango cha oksijeni kwenye damu) kwenye kioo inasoma vizuri, na hapo ndo pabaya maana anasinzia taratibu we unadhani amepumzika. Piga hesabu sasa, mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukiutoa oksijeni tupu kwa lita 60 unaisha ndani ya saa moja na dakika 53. Ukichanganya lita 30 za oksijeni na lita 30 za hewa ya kawaida unapata oksijeni kama asilimia 60 na mtungi unakufikisha karibu masaa 3 na dakika 45, nafuu kidogo ila bado usiku mzima unakula mitungi mitatu au zaidi kwa mtu mmoja. Konsentreta (mashine ya umeme inayotoa oksijeni kwenye hewa ya chumbani) ya lita 10 haifiki popote, hata ukiunga mbili, afu umeme ukikatika ndo basi. Kwa hiyo kama hospitali yako haina oksijeni ya bomba ukutani inayoaminika, helmeti ya CPAP weka pembeni, shika maski na mashine ya BiPAP (presha mbili, kubwa akivuta pumzi, ndogo akitoa) ambayo inavuta hewa ya chumbani yenyewe na wewe unaichomekea oksijeni lita 10 au 15 tu.

Safarini ndo usijaribu kabisa. Mtungi mdogo wa ambulensi wa lita 1,360 kwa flo ya 60 ni dakika 22, kwa lita 15 ni saa moja na nusu. Mtu anatolewa Makete kuja Mbeya, njia ya Kitulo ukungu umeshuka dereva haoni mbele, dakika 22 ni nini ndugu yangu.

Haya, tuseme gesi ipo ya kutosha. Hapo sasa angalia mgonjwa mwenyewe. Bibi ambaye amepika kwa kuni miaka 50 kwenye jiko la ndani, mapafu yameziba na hewa ukaa imepanda, huyo mpe maski na BiPAP, maski inajibu haraka kila anapovuta na inamsaidia kuitoa hiyo hewa ukaa, helmeti kwake inachelewa. Na saturesheni yake usiilazimishe ifike 98, 88 mpaka 92 inamtosha. Yule mwenye mapafu yaliyojaa maji kwa sababu ya moyo, maski inafanya kazi nzuri na mara nyingi ndani ya saa moja au mawili unamuona anafunguka. Helmeti inang'aa kwa mtu mwenye nimonia kali au ARDS (mapafu yote mawili yamevimba na kujaa majimaji ghafla), ambaye anahitaji presha ya juu kwa siku kadhaa mfululizo bila kukatika, maana maski ukipandisha presha inavuja pembeni, mgonjwa anaichoka, anaivua. Pia babu asiye na meno mashavu yameingia ndani, au mwenye ndevu nyingi, maski kwake inavuja tu hata ukaze vipi, wakati helmeti inakaa shingoni haijali sura. Aliyepoteza fahamu, anayetapika, au asiyeweza kulinda koo lake, usimpe yoyote kati ya hizi, huyo ni wa mpira.

Huku kwetu kuna kitu cha ziada, tuko juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, presha ya hewa ni asilimia 80 na kitu tu ya ile ya Dar, hivo mgonjwa wetu hana akiba. Akivua maski anywe uji kidogo tu utaona namba inavyoporomoka. Helmeti ina kitundu cha kupitisha mrija, anakunywa, anaongea na ndugu zake, na presha inabaki. Kuna mama mmoja wa Rungwe nilimhudumia, siku mbili maski alikuwa anaisukuma kila tukigeuka, tulipombadilishia helmeti akanywa maji kwa mrija akainua kidole gumba akasema ndaga (asante kwa Kinyakyusa) kwa sauti iliyotoka kama yuko ndani ya pipa, sijaisahau ile sauti mpaka leo.

Kuhusu tafiti, maana mtaulizwa na mabosi. 2016 kule Chicago walilinganisha kwa wagonjwa 83 wa ARDS, wa maski asilimia 61.5 waliishia kwenye mpira, wa helmeti asilimia 18.2, na utafiti ulisimamishwa mapema kwa tofauti hiyo. Ila ilikuwa hospitali moja. 2021 Waitaliano wakachukua wagonjwa 109 wa Korona wakaipima helmeti na oksijeni ya pua ya flo kubwa, waliowekewa mpira asilimia 30 kwa 51, lakini siku za kuishi bila msaada wa kupumua hazikutofautiana kivile. 2022 Saudia na Kuwait wagonjwa 320, vifo ndani ya siku 28 asilimia 27 kwa helmeti na 26 kwa huduma ya kawaida, yani sawa tu. Mi naisoma hivi, Waitaliano wameishi na helmeti miaka na miaka, mikono yao imeizoea, kifaa hichohicho kwenye wodi iliyofundishwa juzi hakitoi matokeo yaleyale. Kwa hiyo kama timu yenu inajua maski vizuri na helmeti mmeiona mara mbili, maski iliyovalishwa vizuri ni salama zaidi.

Kuvalisha maski, pima saizi toka juu ya mfupa wa pua mpaka chini ya mdomo wa chini, ukisita kati ya mbili chukua ndogo. Kabla hata hujaiweka bandika plasta laini ya kulinda ngozi juu ya pua, usisubiri kidonda, kile kidonda cha pua kinawafanya wagonjwa wengi wakatae matibabu. Ishike kwa mkono kwanza azoee dakika chache ndo ufunge mikanda, vidole viwili vipite chini yake. Kuvuja kidogo ruksa, ila kusipulize machoni. Anza na PEEP (presha inayobaki mapafuni akimaliza kutoa pumzi) 5 na sapoti (presha ya nyongeza anapovuta) 8 mpaka 10, zote kwa sentimita za maji, panda taratibu.

Helmeti inapimwa kwa mzunguko wa shingo kwa kutumia futi ya fundi cherehani. Mnakuwa wawili, mmoja kila upande, mnaivuta kola ya mpira ipite kichwani kwa pamoja, na flo iwe imeshafunguliwa kabla. Toa hereni, miwani, pini za nywele, dada aliyesuka vizuri chunguza asibaki na kitu chenye ncha. Mikanda inapita kwapani, weka pamba au taulo laini, maana ikikata pale mishipa ya damu na ya fahamu ya mkono inaumia. Kelele ndani ni kubwa mno, mpe viziba masikio na weka filta kwenye njia ya kuingizia hewa, inapunguza.

Mkiiunga na ventileta ya ICU msiiweke kwenye CPAP pekee, flo ya ventileta haitoshi kusafisha hewa ukaa, lazima sapoti iwepo, na iwe kubwa kuliko ya maski kwa sababu helmeti ni laini inatanuka na kumeza sehemu ya presha. PEEP 10 mpaka 12, sapoti 10 mpaka 14, kasi ya kupandisha presha weka ya haraka kuliko zote. Namba ya ujazo wa pumzi inayotokea kwenye skrini msiiamini, inapima helmeti, siyo mapafu. Na zile mashine ndogo za kulalia nyumbani za watu wanaokatika pumzi usingizini msizichomeke kwenye helmeti.

Saa moja baada ya kuanza, iwe maski iwe helmeti, rudi kitandani ukae. Hesabu pumzi kwa dakika nzima mwenyewe, angalia misuli ya shingo, muongeleshe, kama kipimo cha gesi za damu kipo chukua. Kama bado anahema vilevile au anaanza kuchanganyikiwa, piga simu kwa daktari wa usingizi (wa kuweka mpira) hapohapo, kumng'ang'aniza mpaka asubuhi ndo kunaua.

Na wakati wa kuivua helmeti, andaa oksijeni ya kawaida mkononi, muwe wawili tena, mnaitoa kichwani flo ikiwa bado inapuliza, afu ndo mnafunga gesi. Isifungwe gesi kwanza hata kwa sekunde chache za kutafuta mkasi.