Namna ya kupima dirisha la aluminiamu linaloingia mahali pa dirisha la mbao

Mwenye nyumba anayetaka kuondoa madirisha ya mbao au ya luva na kuweka ya aluminiamu ya kusukuma pembeni anapaswa kupima tundu la ukuta, wala si dirisha lililomo. Fremu ya aluminiamu ikishakatwa fupi hairefushwi, na iliyozidi hailazimishwi kuingia bila kupinda na kufanya vioo vikwame kwenye reli.

Ugumu ni kwamba fremu ya mbao kwa kawaida imemezwa na lipu, hivyo kipimo cha kutoka ukingo mmoja wa lipu hadi mwingine huonyesha tundu dogo kuliko lililopo. Chukua patasi na nyundo, ubandue lipu sehemu mbili tatu kila upande, upana wa vidole viwili tu, mpaka uone mbao inapoishia na tofali linapoanzia. Ikiwa grili imefungwa kwa nje na imeshikwa na ukuta wenyewe, kazi inakuwa nyepesi zaidi, kwa sababu unaweza kung'oa fremu, kupiga lipu upya kwenye kingo zilizobomoka, kuiacha ikauke, kisha ukachukua vipimo vya mwisho bila nyumba kulala wazi.

Pima kwa milimita, hata kama wewe na fundi mnazungumza kwa futi. Futi 4 ni milimita 1,219, lakini wapo wanaoiandika 1,200 kwa mazoea, na hizo milimita 19 zilizopotea ni robo tatu ya inchi, pengo ambalo baadaye litajazwa silikoni nyingi isiyopendeza wala kudumu.

Upana upimwe mara tatu: chini ya lenta (boriti ya zege iliyo juu ya dirisha), katikati, na juu ya kizingiti cha chini. Kimo nacho kipimwe kushoto, katikati na kulia. Katika kila kundi, kipimo kidogo kuliko vyote ndicho unachokifuata. Tuseme tundu la dirisha linaloitwa la futi 5 kwa 4 limetoa upana wa 1,518, 1,512 na 1,515, na kimo cha 1,214, 1,210 na 1,217. Basi unashika 1,512 kwa 1,210. Hapo toa milimita 10 kwenye upana na 10 kwenye kimo, yaani nafasi ya milimita 5 kila ubavu wa fremu, nawe utaagiza dirisha la 1,502 kwa 1,200. Mwulize fundi kama naye anapunguza nafasi hiyo karakanani, kwa maana mkipunguza wote wawili, fremu itacheza.

Vipimo hivyo havitoshi ikiwa tundu limelala upande. Nyosha tepu kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya milimita 10, weka timazi kwenye kila ubavu uone ni upi ulioinama, na urekebishe kwa lipu kabla ya kuagiza. Mimi singekubali ahadi ya kwamba mambo yatanyooshwa siku ya kufunga. Angalia pia unene wa ukuta. Ukuta wa tofali za inchi 6 zilizosimamishwa una nafasi ndogo kuliko wa tofali zilizolazwa, na kama grili imo ndani ya tundu, pima kina kilichobaki kati yake na ukingo wa ndani, ukikumbuka kwamba fremu yenye reli tatu, ya tatu ikiwa ya wavu wa mbu, ni nene kuliko ya reli mbili.

Kuhusu ukubwa wenyewe, suala kubwa ni hewa, hasa kwa nyumba za Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya pwani. Luva zikilazwa hupitisha hewa karibu tundu zima. Dirisha la kusukuma la vioo viwili hufunguka nusu tu, na ukitoa unene wa fremu hubaki pungufu ya nusu. Chumba kilichokuwa na upepo wa kutosha kinaweza kuwa na joto baada ya ukarabati ingawa tundu halikubadilika hata kidogo. Tiba ni kuchagua dirisha la kufungua kwa bawaba, au vioo vitatu kwenye reli tatu, ambavyo hufungua theluthi mbili, au kuongeza tundu.

Kuongeza tundu kwenda chini ni salama zaidi, kwa kuwa unakata tofali zilizo chini ya kizingiti tu na lenta haiguswi. Kupanua kwenda kando ni jambo jingine: lenta iliyobeba futi 4 sasa itabeba futi 6, na mtu wa kuamua kama nondo zake zinatosha ni mhandisi, si fundi wa vioo.

Oda iandikwe upana kwanza, kimo baadaye, pamoja na mchoro unaoonyesha dirisha linavyotazamwa kutoka ndani, kioo kipi kinatembea, wavu uko wapi, na vitundu vya kutolea maji ya mvua vimeelekea nje.