Ukisikia Kayamba Jangwani: Nyoka na Bastola Kusini mwa Arizona

Kazi yangu ni kushika fito. Natembea na kikosi cha wapima ardhi kusini mwa Arizona, jimbo la Marekani, kuanzia viunga vya Tucson hadi karibu na mpaka wa Mexico. Kila mwaka ikifika Machi, wageni wa kazi hii huniuliza habari za nyoka na za bastola kwa mkupuo mmoja, kana kwamba ni swali moja. Huniuliza pia ndugu zetu wa Kongo waliohamishiwa Tucson na Phoenix, ambao Jumapili wanataka kupanda vilima na watoto. Ni maswali mawili tofauti, na kazi ya mwongozo huu ni kuyatenganisha.

Nyoka mwenyewe hayupo Afrika. Anaishi mabara ya Amerika tu. Wenyeji humwita rattlesnake. Sisi kikosini tunamwita nyoka-kayamba, maana mlio wa mkia wake si kengele wala njuga. Ni kayamba hasa, ule mchakacho mkavu wa mbegu ndani ya matete, ila kwa kasi ya vitunguu vilivyotiwa kwenye mafuta ya moto. Ni wa jamii moja na moma wa kwetu, na ukimjua moma umeshamjua nusu: mnene, mzito, rangi ya udongo, hulka yake ni kukaa kimya ukampita. Mimi nilikulia Kondoa, na moma alinifundisha kutazama ninapokanyaga kabla sijajua kusoma.

Hatua ya 1: Jua yuko wapi na saa ngapi

Arizona ina aina 13 za nyoka hawa. Usihangaike kuzikariri. Utakayekutana naye mara nyingi ni yule mwenye alama za almasi mgongoni na pete nyeusi na nyeupe mkiani. Mkubwa wake hupita mita moja kwa urahisi. Wa pili wa kumjua ni wa Mojave, anayefanana naye sana, na sumu yake nitaieleza mwishoni.

Wanatembea zaidi kati ya Machi na Oktoba. Majira ya kuchipua na ya vuli huota jua mchana, mara nyingi katikati ya njia. Kiangazi kikikolea, ardhi inawaunguza kama inavyokuunguza wewe, basi huhamia usiku. Hapo ndipo watu huumwa wakitoa takataka nje na kandambili miguuni. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua za radi, na nyakati hizo majike huzaa. Hawatagi mayai, wanazaa watoto hai. Mtoto ana sumu tangu siku ya kwanza lakini hana mlio, kwa sababu mkiani ana kifundo kimoja tu, hakina cha kugongana nacho. Kila akijivua gamba anaongeza pingili moja, na hujivua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo anayekuambia umri wa nyoka kwa kuhesabu pingili anakupiga porojo.

Hatua ya 2: Vaa, beba, tembea

Buti zinazofunika kifundo, suruali ndefu isiyobana, fimbo, tochi ya kichwani hata kama unapanga kurudi kabla ya magharibi. Maji mengi kuliko unavyodhani. Joto la hapa ni adui wa kila siku, nyoka ni wa mara mojamoja.

Kanuni ya kutembea ni moja: usiweke mkono wala mguu mahali ambapo jicho halijafika. Gogo usiliruke, kanyaga juu yake kwanza, chungulia upande wa pili, ndipo ushuke. Kwenye makorongo makavu pita katikati penye mchanga mtupu, si ukingoni kwenye mizizi na viota vya panya. Unapopanda mwamba usirushe mkono kwenye rafu iliyo juu ya kichwa chako. Na usichuchumae nyuma ya kichaka kabla hujakipiga kwa fimbo. Mnacheka, lakini kikosini kwetu hili ndilo tunalomwambia mgeni kabla hatujamwambia choo kiko wapi, maana hakipo.

Mbwa afungwe kamba. Mbwa husalimia kwa pua, na pua ndiyo inayoumwa.

Hatua ya 3: Umesikia kayamba. Simama.

Hapa ndipo watu wanapoharibu.

Mwili ukisikia mlio ule unataka kuruka, na ukiruka kabla ya kujua sauti imetoka wapi unaweza kumwangukia mwenyewe. Ganda. Usisogeze mguu. Zungusha macho, kisha kichwa, polepole, mpaka umwone. Kwenye korongo sauti hugonga kuta na kukudanganya, kwa hiyo tazama pande zote, hata ile unayodhani ni salama. Uliye naye nyuma mwambie asimame alipo. Asije kukushika bega.

Ukishamwona, pima. Nyoka huyu hurusha kichwa umbali wa takriban nusu ya urefu wake, akijitahidi sana kidogo zaidi. Wa mita moja na robo basi hakufikii ukiwa mita mbili. Rudi kinyumenyume, ukiburuza nyayo ili usijikwae, hadi uwe mita mbili au tatu. Sasa umeshinda. Mzunguke kwa mbali, au msubiri aondoke, au rudi ulikotoka. Hatakufukuza. Akionekana kuja kwako, huwa anakimbilia shimo lililo nyuma yako, mpishe.

Kimya chake si ruhusa. Wengi hawapigi kayamba kabisa, wanategemea rangi yao. Akikaa kimya mita moja mbele yako, mambo ni yaleyale: ganda, tazama, rudi.

Na usimguse aliyekufa. Kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda mrefu baada ya kutengana na mwili, na sumu iko palepale. Kati ya vitundu viwili vya pua na macho ana vishimo vinavyohisi joto, na mkono wako una joto.

Hatua ya 4: Kabla ya bastola, sheria

Arizona ni rahisi kwa silaha kuliko majimbo mengi. Tangu 2010 mtu mwenye miaka 21 na kuendelea, asiye na kizuizi cha kisheria, anaweza kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Lakini wewe msomaji wangu huenda si raia, na sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inakutazama kwanza. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa kumiliki. Aliyeingia kwa viza ya utalii au masomo kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti machache kama leseni ya uwindaji. Hata kuishika ya rafiki ili upige picha inaweza kuhesabiwa kosa, na kosa la silaha linaweza kukutoa nchini. Kama huna hakika na karatasi zako, muulize wakili wa uhamiaji, usimuulize muuza bunduki.

Mipaka pia. Kwenye hifadhi ya Saguaro, iliyo mashariki na magharibi mwa Tucson, unaweza kuwa nayo kiunoni, lakini kufyatua ni marufuku na kumuua nyoka ni marufuku, na ndani ya majengo ya serikali ya shirikisho haiingii. Ardhi za makabila ya wenyeji, kama Tohono O'odham, zina sheria zao. Na Mexico usiingie hata na risasi moja iliyosahaulika mfuko wa begi. Huko ni kesi nzito.

Polisi akikusimamisha na kukuuliza kama una silaha, sheria ya Arizona inakutaka useme kweli. Mikono kwenye usukani, sauti ya chini, usiielekeze kwa kidole.

Hatua ya 5: Kuibeba bila kujiumiza

Mkoba wa bastola uwe mgumu, ufunike triga yote, na uwe na kishikizo cha juu. Mkoba laini wa kitambaa hukunjwa na jasho, ukingo wake ukaingia kwenye triga wakati wa kurudisha silaha. Ukibeba begi kubwa lenye mkanda wa kiunoni, mkanda utagombana na bastola, hamishia kifuani. Jaribu yote hayo nyumbani, silaha ikiwa tupu: chuchumaa, piga magoti, panda ngazi, inama ufunge kamba za buti. Ikichomoka sebuleni itachomoka mlimani.

Ikianguka, iache ianguke. Anayejaribu kuidaka hewani hudaka triga. Na wenye rivolva za mtindo wa zamani sana, zile ambazo nyundo hulalia risasi moja kwa moja, wabebe tano badala ya sita, nyundo ikalie tundu tupu.

Mchanga wa hapa ni kama unga. Mafuta mengi huugeuza kuwa tope, kwa hiyo paka kidogo mno na ufute kila jioni. Usiiache kwenye gari: wezi wanajua magari yanayoegeshwa mwanzo wa njia za milimani. Nyumbani ikae kwenye sanduku lenye kufuli, hasa penye watoto.

Mimi huibeba siku chache, tukiwa mbali na barabara, zaidi kwa ajili ya mnyama mwenye kichaa. Mbweha na vicheche wa huku hupata kichaa cha mbwa, na mnyama wa hivyo hakimbii mtu.

Hatua ya 6: Je, nimpige nyoka risasi?

Hapana. Ngoja nieleze, maana wanaume wenzangu hamtakubali kwa neno moja.

Shabaha yako ni kichwa kinachotoshana na kiberiti, kinachoyumba, na mikono yako inatetemeka. Nyuma yake kuna mwamba. Mwaka wangu wa kwanza, mwenzetu mmoja alimfyatulia nyoka aliyelala juu ya jiwe, hatua nne mbele yake. Nyoka aliingia shimoni mzima. Kipande cha jiwe kilimchana mwenzetu chini ya goti, na siku nzima iliyobaki tulibeba vyombo vyake.

Wapo wanaotumia risasi za marisau, zile zenye punje ndogondogo, zinazotengenezwa kwa bastola makusudi kwa nyoka. Zinafaa mita mbili hadi tatu. Zaidi ya hapo punje zinatawanyika. Sasa rudi hatua ya 3. Mita mbili hadi tatu ndipo palepale ambapo nyoka hakufikii na njia ya kuondoka iko wazi. Ukiwa karibu zaidi ya hapo, muda wa kuchomoa ni muda ambao ungerudi nyuma.

Mjini ni balaa zaidi. Juni 1999 huko Phoenix binti wa miaka 14, Shannon Smith, aliuawa nyumbani kwao na risasi iliyofyatuliwa hewani na mtu asiyejulikana. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria yenye jina lake: kufyatua kizembe ndani ya mipaka ya mji ni kosa la jinai la daraja zito. Nyoka akiwa uani, ingiza watoto na mbwa ndani, mwangalie kwa mbali usimpoteze, pigia zimamoto wa eneo lako. Baadhi ya vikosi humwondoa. Wasipofanya hivyo, kuna watu wa kuhamisha nyoka kwa malipo.

Hatua ya 7: Ameshauma

Sogea mbali naye. Usimfukuze wala kumbeba. Dawa za hospitali za hapa hutibu sumu ya jamii yote ya nyoka-kayamba, hazihitaji jina lake.

Vua pete, saa, bangili na kiatu kabla ya uvimbe. Tuliza kiungo, kisining'inie. Piga 911, nambari ya dharura, na neno la kwanza liwe "rattlesnake", kisha mahali ulipo. Mkalimani wa Kiswahili omba baadaye. Nambari ya kituo cha sumu ni 1-800-222-1222, usiku na mchana. Chora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipofika, andika saa pembeni.

Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usiweke barafu. Na lile jiwe jeusi la nyoka ambalo bibi zetu walilihifadhi kwenye kitambaa, liache lilipo: halinyonyi sumu. Bendeji ya kukaza, ambayo huenda ulifundishwa kwa ajili ya koboko, haimfai huyu, kwani sumu yake nyingi hula nyama na kubana kunaiweka mahali pamoja. Usisubiri uvimbe ndipo uamini. Wa Mojave anaweza kuacha jeraha lisilovimba sana, halafu kope zikaanza kulegea na kufunika macho, na pumzi ikawa nzito. Kwa bahati, takriban mara moja kati ya nne au tano nyoka huuma bila kutoa sumu, lakini hilo anathibitisha daktari baada ya saa kadhaa, si wewe kando ya njia.

Kuhusu pesa, maana najua ndilo linalowafanya wengine wakae nyumbani: chupa moja ya dawa hugharimu maelfu ya dola, na huanza kwa chupa nne hadi kumi kutegemea aina. Hata hivyo, tangu 1986 sheria ya shirikisho inailazimisha idara ya dharura ikupime na kukutuliza kabla ya kujali uwezo wako. Bili ikija, usiilipe siku hiyo wala usiifiche. Omba fomu ya msaada wa malipo. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kuwa na utaratibu huo. Na ukiambiwa urudi baada ya siku mbili au tatu kupimwa damu, rudi hata kama mguu umepona, kwa sababu kuganda kwa damu huweza kuharibika tena baada ya dawa kuisha mwilini.